Mama Saiti anajibu: BIM si ile bimu ya zege

Mwezi huu nilikuwa nimepanga kuongea juu ya plasta kupasuka, lakini barua zimeingia za BIM mpaka plasta ingoje kwanza. Kwa ambao hamjakutana nayo, BIM (Building Information Modelling) ni kujenga jumba kwa kompyuta kabla ya kulijenga kwa ploti, na kila kitu ndani yake, mlango, nguzo, bomba, kinajijua ni nini, kina ukubwa gani na kimetengenezwa na nini. Sasa twende kwa barua, nimezikata kidogo maana wengine wenu mnaandika kama mnalipwa kwa neno.

"Mama Saiti, salamu nyingi. Mimi ni leksha kwa koleji moja huku Thika Road, nafundisha diploma ya usimamizi wa ujenzi. Semista hii mkuu wa idara ameniambia niongeze BIM kwa silabasi, basi, hivyo tu, hakuna kitabu hakuna nini. Niko na wanafunzi 46 na kompyuta 14, na mbili kati ya hizo huwaka zikijiskia. Nimefundisha Revit, ile programu ya kuchora modeli za BIM, wiki 5 sasa na bado tuko kwa kuta na milango, nusu ya darasa wamepotea, na juzi msichana mmoja akaniuliza, mwalimu, sisi si tunasomea umeneja, kuchora si ni kazi ya akitekti? Nilikosa jibu. Nifanyeje?" (Leksha aliyechoka, Kasarani)

Mwalimu wangu, pole, na huyo msichana mnunulie chai kwa sababu ameuliza swali ambalo mkuu wa idara alifaa kuuliza kabla akutume.

Kwanza wacha nikwambie yangu. Siku ya kwanza nafundisha hii kitu niliandika BIM kwa ubao, nikatamka bimu, kijana mmoja nyuma akasema, madam hiyo tulimaliza na mwalimu wa stracha. Darasa likacheka na mimi nikacheka, lakini nikaona hapa nimepewa mlango. Nikawaambia sawa, tuanze na bimu basi, ile boriti ya zege. Miaka fulani nilikuwa kwantiti saveya, yule wa kuhesabu vifaa na gharama, kwa mjengo wa gorofa huko Kilimani (na by the way siku ya kwanza kuingia hiyo saiti foremani aliniuliza chapati nimeweka wapi, alidhani ni mimi mama wa chakula, ndio hili jina likaanza). Sasa akitekti alikuwa amesongesha choo karibu mita moja kwa ramani yake, ramani mpya ikafikia plamba, kwa mhandisi wa stracha, yule wa nguzo na bimu, haikufika. Plamba anakuja na bomba lake la inchi 4 anapata bimu imekaa pale pale bomba linafaa kushuka. Unadhani alipiga simu? Alichukua patasi na nyundo. Mhandisi kuja wiki iliyofuata alipata bimu imetobolewa na nondo mbili za chini zimekatwa, na nondo za chini hapo katikati ya bimu ndizo zinabeba mvuto wote, zege lenyewe halijui kuvutwa. Kazi ikasimama, slabu ikawekwa props, zile nguzo za muda za kuishikilia, bimu ikavunjwa ikamwagwa upya, na mimi ndio nilikaa chini nikahesabu hiyo hasara yote, kuanzia simiti mpaka siku za watu waliokuwa wamekaa tu wakicheza drafti.

Hiyo story ndio somo lako la kwanza la BIM, mwalimu. Hakuna kompyuta imewashwa bado. Waulize nani alikosa. Watasema plamba. Uliza tena. Mtafika mahali waone kwamba habari ilihama kwa karatasi moja ikabaki ya zamani kwa nyingine, na huyo wa kuhakikisha karatasi zote zinasema kitu kimoja alikuwa ni meneja, yaani wao. Zile herufi 3, ile I ya katikati ni ya Information, yaani habari, na hiyo ndio watu hukimbia wakaenda kwa picha tamu ya 3D inayozunguka.

Kwa hivyo jibu la yule msichana ni ndio, kuchora ni kazi ya akitekti, na wewe umekuwa ukiwafundisha kazi ya mtu mwingine kwa wiki 5. Geuza gari. Wape modeli ambayo imekwisha kuchorwa, wafundishe kuisoma, kuiuliza maswali na kuishuku. Hata hawahitaji Revit kwa hiyo. Toa modeli kwa faili ya IFC, hiyo ni lugha ya kati ambayo programu za kampuni tofauti zinaelewana nayo, imekuwa kiwango cha kimataifa ISO 16739 tangu 2013, halafu waifungue na programu za kutazama za bure kama BIMvision ambazo si nzito kwa kompyuta. Na ufanye hii mchezo, fungua hiyo faili ya IFC na Notepad tu, ile ya kawaida. Wataona mistari na mistari, IFCWALL, IFCDOOR, IFCSLAB. Hapo ndio kichwa hufunguka, ati kumbe hii si picha, ni orodha ya vitu.

Kompyuta 12 nzima zinakutosha. Makundi 10 ya watu wanne, mawili ya watu watatu, hao ni 46. Mimi hata nikipewa kompyuta 46 bado ningewaweka wanne wanne, kwa sababu saiti hakuna mtu hufanya kazi peke yake, na wakibishana juu ya skrini moja wanajifunza kuliko kila mtu akiwa amevaa earphones.

Chukua jengo lenu wenyewe, hata hiyo bloku ya darasa, watu wapime na tepu. Wewe au fundi wako wa kompyuta mchore modeli ndogo ya hilo jengo likizo, isiwe na urembo. Halafu walinganishe. Tuseme kuna slabu ya mita 10 kwa 8, unene milimita 150. Modeli itasema mita za ujazo 12, na mwanafunzi ataandika 12 apige mstari afurahi. Muulize, lori litakuletea mita 12 za nini? Kama ni zege ya kuchanganya saiti, kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) hiyo slabu inakula kama mifuko 76 ya simiti ya kilo 50, ukienda 1:1.5:3 inafika kama 97, na hapo hujaweka ya kumwagika, na slabu ni ile ile, modeli ni ile ile. Tofauti ya mifuko 21 haiko kwa kompyuta, iko kwa kichwa cha meneja na kwa maelezo ya mhandisi. Nondo pia, kama modeli haina nondo ndani, na nyingi hazina, basi orodha yako itatoka na slabu ya zege tupu bila chuma hata kimoja na hakuna kengele italia.

Halafu waonyeshe mtego ambao mimi nimewahi kunaswa. Mchoraji akipitisha nguzo katikati ya slabu bila kuziunganisha vizuri, ile sehemu inahesabiwa mara mbili, mara moja kama nguzo, mara moja kama slabu. Nguzo ya 300 kwa 300 kwa slabu ya 150 ni kitu kidogo sana, utasema wacha tu. Sawa, weka nguzo 12, weka gorofa 10, sasa ni mita za ujazo 1.6 za zege hewa, kama mifuko 13 ya simiti kwa ile 1:1.5:3. Mimi huficha makosa kama haya kwa modeli makusudi, matatu au manne, na kundi likiyapata linapata maksi kuliko aliyeleta jedwali zuri la rangi. Hiyo ndio asaimenti yangu bora kwa miaka yote na imenitolea watu ambao leo wakipewa namba wanaiangalia mara mbili kabla waitie sahihi.

Ile ya kuunganisha modeli na ratiba ya kazi, wanaita 4D, na ya bei, 5D, ifanye baadaye na uifanye kidogo. Muhimu ni waone kwamba modeli haijui kitu cha kwanza ni msingi, wao ndio wanaiambia, na mtu ambaye hajui shataringi ya slabu, zile mbao zinazoshikilia zege likikauka, inakaa siku ngapi kabla itolewe atatengeneza sinema safi ya uongo.

Lakini ile ya migongano usiiruke. Programu kama Navisworks inaweka modeli ya akitekti, ya stracha, ya maji na ya stima pamoja, inakuonyesha wapi kitu kimepita ndani ya kingine. Wanafunzi hupenda sana kwa sababu inatoa namba kubwa, ati madam tumepata migongano 800! Nyingi za hizo ni upuzi, waya unapita ukuta na waya lazima upite ukuta. Hapo sasa wape viti. Mmoja akitekti, mmoja stracha, mmoja plamba, mmoja stima, na meneja akae kwa kiti cha mbele na ile orodha. Achague 10 za maana, aseme nani anahama, lini, na nani atahakikisha. Wataanza kurushiana lawama dakika ya tano, usiwatulize. Mimi hukaa nyuma na chai yangu nikisikiza, ni kama mkutano wa saiti kabisa isipokuwa hakuna mtu amechelewa kwa sababu ya jam ya Mombasa Road.

Na kitu cha mwisho kwako, usikubali BIM iwe yuniti moja peke yake inakaa pembeni kama mgeni. Mwambie mwalimu wa upimaji atumie modeli ile ile yako, na yule wa ratiba pia. Jengo moja, masomo matatu. Itakupunguzia kazi, na wao wataacha kufikiria ni somo la kompyuta.

"Sasa Mama Saiti. Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa 3, AutoCAD naijua vizuri sana, hata huchorea watu ramani za nyumba napata pesa ya fare. Kuna jamaa anauza kozi ya BIM ya wiki 2 online unapewa cheti ati unakuwa BIM meneja. Nikope, halafu mkopo wa masomo wa HELB ukiingia nilipe? Na laptopu yangu ni RAM ya 4." (Kijana wa Roysambu)

Kijana, pesa ya HELB nunua chakula kwanza, nakuongelesha kama mama.

BIM meneja wa wiki 2 ni kama makanga ambaye amesongesha matatu mara moja hapo stejini halafu anajiita dereva wa Mombasa. Ukitaka kujifunza kubonyeza, kampuni ya Autodesk inapatia wanafunzi Revit yake bure, mwaka mmoja unarenew ukiwa bado uko shule, unaonyesha tu uthibitisho wa koleji. Si ya kufanyia kazi za kulipwa lakini, hiyo ielewe, ukichorea mtu wa fare na lisensi ya shule umevunja masharti. Kitu kingine hawatakwambia kwa hiyo kozi, faili ikiseviwa kwa Revit ya mwaka mpya haifunguki kwa ya mwaka wa nyuma, hakuna kubembeleza. Kundi zima likubaliane tunatumia ya mwaka gani kabla mtu adownload kitu, mimi nimeona watu wakilia usiku wa kukabidhi kazi, watatu wako na mpya wawili na ya zamani na bando imeisha.

RAM ya 4 usijisumbue, itakutesa. Ya 8 itafungua nyumba ndogo ukiwa umefunga kila kitu kingine, 16 ndio ya kukaa nayo. Zile laptopu za eks-UK hapo Luthuli na Moi Avenue, uliza kwanza kama inaongezeka RAM, nyingine imekwama kwa bodi haitoki. Na uende na rafiki anayejua.

Sasa AutoCAD yako. Usiitupe, saiti nyingi za huku bado zinaishi nayo. Tofauti ni hii, kwa AutoCAD umechora mistari miwili na wewe ndio unajua huo ni ukuta, kompyuta haijui. Ukisongesha dirisha kwa plani lazima ukumbuke kwenda kwa mwonekano wa mbele usongeshe tena, na kwa sekshen tena, na kwa jedwali la madirisha tena, na ni hapo kwa kukumbuka ndio watu huanguka. Kwa modeli unasongesha mara moja.

Lakini kwa sababu unasomea umeneja nakupa siri ya bure. Kuna kiwango kinaitwa ISO 19650, sehemu zake 2 za kwanza zilitoka 2018, na hakiongei kuchora karibu hata kidogo. Kinaongea nani anahitaji habari gani, lini, faili inaitwaje, imekaguliwa na nani, na iko mahali gani pamoja ambapo kila mtu anachukua ile moja ya sahihi. Sasa hebu angalia simu yako, folda ya WhatsApp, kama hakuna faili inaitwa "plan final FINAL 2 yenyewe" niite mwongo. Jifunze kupanga hayo mambo na mtu atakuajiri, maana wachoraji ni wengi na watu wa kupanga faili hawapatikani.

"Mama Saiti shikamoo, mimi nilitoka Mombasa kuja kusoma huku. Mwalimu alisema BIM ilianzishwa na Autodesk 2002. Ni kweli?" (Wa South B)

Marahaba mwanangu. Si kweli lakini mwalimu hajakosea sana, mwaka huo Autodesk walinunua kampuni iliyotengeneza Revit na ndio walilisukuma hilo jina mpaka likakaa midomoni. Wazo ni la zamani, Charles Eastman wa chuo cha Carnegie Mellon kule Marekani aliandika 1975 juu ya kompyuta kuchukua nafasi ya michoro, ubadilishe kitu mara moja na michoro yote ibadilike. Wahungaria wa Graphisoft walikuwa na ArchiCAD miaka ya 80. Maneno yenyewe yalionekana kwa makala ya Waholanzi wawili, van Nederveen na Tolman, 1992. Mwambie mwalimu pole pole, usimwaibishe mbele ya watu.

"Mama, mimi ni kontrakta, najenga flati huku Ruaka. Nimepokea vijana wawili wa atachmenti, wamekuja na laptopu na BIM yao, siku ya tatu mmoja akaambia fundi wangu amekosea ngazi. Huyo fundi ana miaka 20 kwa hii kazi. Nimejenga na karatasi na hakuna nyumba yangu imeanguka. Hii BIM si ni ya wale wa maghorofa makubwa ya Upper Hill?" (Kontrakta aliyekasirika)

Ndugu kontrakta, nitakuuliza kwanza, ngazi ilikuwa imekosewa? Hukusema.

Kwa heshima, kijana alifaa akwambie wewe au foremani pembeni, si kupigia fundi kelele mbele ya watu wa mkono, na hilo ni kosa letu sisi walimu, tunawapa laptopu kabla tuwape adabu ya saiti. Huwa naambia wangu, wiki ya kwanza laptopu ikae kwa begi, beba karai kidogo, jua majina ya watu.

Kuhusu kama ni ya Upper Hill, nitakuwa mkweli kwako, kwa nyumba ya vyumba vitatu ya mtu binafsi sioni haja, karatasi na fundi mzuri inatosha na hata mimi yangu ya ushago nilijenga hivyo. Hata Uingereza walipofanya BIM iwe lazima, Aprili 2016, ilikuwa kwa miradi ya serikali kuu peke yake, hakuna mtu alienda kusumbua mzee anayeongeza jikoni. Lakini wewe ni flati, gorofa juu ya gorofa, vyoo vimepangana, bomba za maji safi, maji taka, stima, tanki juu. Choo kikihama kwa gorofa moja kinahama kwa zote. Hapo ndio faida iko, na nimekwisha kuwaambia habari ya ile bimu ya Kilimani.

Wape hao vijana kazi moja. Wiki mbili, wachukue ramani zako za karatasi, ya akitekti na ya stracha na ya plamba, wajenge modeli ya gorofa moja tu ile ya kawaida, wakuletee orodha ya mahali zinapingana. Fundi wako wa miaka 20 akae nao saa moja jioni, wamuonyeshe kwa skrini, na yeye awaonyeshe ni kipi kati ya vile kinawezekana kwa mkono. Wasipopata kitu umepoteza chai mbili. Wakipata, niandikie, na ngazi uniambie iliishaje.

"Madam ni mimi tena yule leksha wa Kasarani, swali dogo nimesahau. Hawa watoto wanakopi. Modeli moja inazunguka WhatsApp darasa zima linaleta ile ile. Nawashikaje?"

Rahisi, mwalimu. Kila kundi lipe ile slabu ya 10 kwa 8 na unene wake tofauti. Kundi la kwanza 150, la pili 160, la tatu 175, la nne 200, uendelee hivyo, na uandike kwa daftari lako nani alipata nini. Wa 160 anafaa akuletee mita za ujazo 12.8, wa 175 akuletee 14, wa 200 akuletee 16. Yule wa 200 akikuletea 12, na jedwali limepangwa vizuri na kava ya rangi, muite mbele, mpe tepu, na umuambie akapime hiyo slabu yake upya akiwa amepiga magoti.